Mwaka wa Danstan na Tangi la Mama Frida

Aliyenipa habari ya kifo cha Danstan Nambole alikuwa anacheka. Nilikuwa uani kwangu hapa Masasi, nimekaa kwenye kigoda napepeta mbaazi, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Sauti ya kike ikasema, "Shikamoo mama. Mimi ni Tumaini, binti wa Mzee Danstan wa Newala. Baba hatunaye." Halafu kikaja kicheko, kile cha mtu aliyejizuia akashindwa. Nilimfahamu Danstan. Zamani, nilipokuwa kijana, aliandika mchezo wa maiti aliyeamka katikati ya msiba kulalamika kwamba foleni ya maji ya kumwoshea imefika siku ya tatu, na maiti huyo alimcheza yeye mwenyewe, amelala juu ya meza mbili za shule, tumbo linapanda na kushuka mbele ya watu wote. Kwa hiyo nilimjibu binti yule kwa ukali, "Mwambie baba yako siji." Kicheko kikakatika. Nikasikia analia, kilio cha kweli kabisa, na mtu mwingine akachukua simu akanieleza taratibu kwamba mazishi ni kesho saa nane mchana, na kwamba nimsamehe Tumaini, tangu asubuhi anacheka na kulia kwa zamu. Maneno ya mwisho ya mzee aliyaambia muuguzi: "Dada, hii dripu yako inatoka vizuri kuliko bomba la mtaa wetu."

Nilibaki na ungo mapajani, sijui niiweke wapi sura yangu. Mume wangu, Baba Neema, alitoka ndani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia amefariki mtu wa Newala. "Ndugu?" Nikasema sijui. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, lakini jibu langu lilikuwa la kweli. Sikujua Danstan alikuwa nani kwangu. Nilikuwa sijazungumza naye kwa miaka karibu arobaini, na sababu yake nilikuwa naijua vizuri sana hadi siku ile nilipopanda Newala kumzika. Tangu hapo sina hakika nayo, na ndiyo maana naandika.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya wa shule ya msingi, na nilikuwa nakaa Newala kwa mdogo wake mama, Mama Frida. Alinipa chumba cha pembeni chenye dirisha moja dogo, kitanda cha kamba na ndoano tatu ukutani za kutundikia nguo zangu tatu nzuri. Ukuta kati yangu na sebule ulikuwa wa miti na udongo, umepakwa chokaa iliyokuwa ikiganda mgongoni mtu akiuegemea. Kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia. Mchana, nikitoka shule, nilikuwa najilaza pale na kusikiliza wageni wa mama mdogo wakisema habari za ndoa, za magonjwa, za mikorosho iliyopata ukungu, na zaidi ya yote, habari za maji. Huwezi kumweleza mtu Newala bila kumweleza maji. Yalikuwa yanasukumwa kutoka bondeni hadi juu, yakija yanakuja kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa, na mtaa mwingine Mungu akipenda. Watu walinawa uso kwa kikombe. Maji ya kuoshea mchele yalioshewa vyombo, yaliyooshewa vyombo yalimwagiwa mchicha. Katika mji wa namna hiyo Mama Frida alikuwa na tangi.

Marehemu mumewe ndiye aliyelijenga, la saruji, la mviringo, refu kuliko mtu mzima, limeegemea ukuta wa nyumba, na mifereji ya bati ikileta maji ya mvua kutoka paani. Lilikuwa na mfuniko wenye kufuli. Ufunguo aliuvaa mama mdogo shingoni pamoja na msalaba wake, na ukimwona anainama kanisani ulisikia vyuma viwili vikigongana. Masika yakiwa mazuri, tangi lile lilifika mwezi wa kumi bado lina maji. Watu waliliongelea kama wanavyomwongelea mtu mwenye cheo.

Danstan naye alikuwa mtu wa maji, lakini kwa njia nyingine. Ndiye aliyekuwa akizunguka na chuma kirefu cha kufungulia koki za mitaa. Alikuwa na miaka kama thelathini na minne, mwembamba, masikio makubwa, kofia ya kitambaa ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa ila kanisani. Mtu mwenye kazi kama ile angeweza kuishi kama mfalme. Yeye, kwa kuogopa kusemwa kwamba anajipendelea, mtaa wake aliuweka mwisho wa zamu, na mkewe alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu na ndoo kichwani akisema kwa sauti ya kusikika, "Nimeolewa na maji, nakufa na kiu." Siku zilizobaki Danstan aliandika michezo. Aliandika nyuma ya fomu za kazini, kwa penseli, amekaa kwenye jiwe karibu na bomba, wanawake wa foleni wakizungumza juu ya kichwa chake. Kila walichosema alikichukua. Baada ya wiki mbili ulikikuta jukwaani kimevaa nguo nyingine.

Alinipata mimi kwa namna hiyo hiyo. Nilikuwa nawagombeza wanafunzi uwanjani, naye alikuwa ng'ambo ya uzio anahangaika na koki. Akaja hadi dirisha la ofisi, akavuta kofia mbele.

"Mwalimu, shikamoo."

"Kaka, wewe ni mkubwa kwangu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuamkia kwa sababu ya sauti. Hiyo sauti yako inapanda mlima bila pampu. Tuna kikundi cha maigizo, hatuna msichana. Njoo."

Kikundi kiliitwa Tusinune. Mazoezi yalikuwa jioni mapema, katika chumba cha nyuma cha ghala la zamani la korosho. Harufu ya maganda ilikuwa imeingia ukutani haitoki, ukirudi nyumbani nguo zinanukia. Tulikalia magunia. Wanaume hawakutaka kucheza wanaume wajinga, waliogopa kutaniwa mitaani, na wajinga ndio waliojaa katika michezo ya Danstan, kwa hiyo sehemu zao alizicheza Mama Fadhili, mwanamke mnene mwenye cheko la kifuani aliyekuwa akipika uji hospitali. Alijifunga kitambaa, akavaa koti la mumewe, na mara ukamwona karani, shehe, padri, bwana harusi. Tulipochoka mke wa Danstan alituletea ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, kwenye beseni, tukaimenya kwa vidole na kula tukisimuliana. Kikombe cha maji kilikuwa kimoja na kilizunguka. Nimekula karamu nyingi tangu wakati ule, lakini nikiulizwa wapi nilishiba nitataja beseni lile. Kila mmoja alitaka kumchekesha Danstan, kwa sababu yeye alichekesha watu ila mwenyewe hakucheka kirahisi. Ukimchekesha aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika bila sauti, na uliondoka pale umekuwa mrefu kidogo.

Katikati ya mwaka ule Edwini alinichumbia. Alikuwa karani wa halmashauri, kijana wa Mkunya, mpole, mashati yake yamenyooshwa hadi mikunjo inasimama. Mshenga alikuja, mama mdogo akaridhia, nami nikaridhia. Kama nilimpenda? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi na kila mara napata jibu tofauti. Nilipenda alivyonisikiliza. Nilipenda kwamba alinyamaza pale wengine walipojitapa. Alikuja Jumapili baada ya ibada, tukakaa sebuleni mlango wazi, mama mdogo akipita na kupita. Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kufika mlangoni alipita upande wa tangi, akaligonga kwa vifundo vya vidole, mara tatu, akatega sikio. Ndipo akaja kubisha hodi. Mlio wa tangi lenye maji ni mzito, mlio wa tangi tupu unajibu. Majirani wote walimwona. Siku moja nimejilaza chumbani nikamsikia jirani akimuuliza mama mdogo, "Mkweo anachumbia mtu au anachumbia saruji?" Mama mdogo akacheka hadi akakohoa. Na mimi, upande wa pili wa ukuta, nikacheka, uso nimeuzika kwenye mto.

Mchezo mpya wa Danstan ulihusu mwanamume anayetafuta mke katika mji usio na maji. Anakwenda nyumba hadi nyumba, anasifu wasichana, lakini macho yako kwenye ndoo. Mimi nilikuwa msichana wa mwisho. Tulifanya mazoezi wiki nne, na kwa wiki nne sikuona kitu. Huyo mchumba wa mchezoni, Mama Fadhili alimcheza kama mlafi mwenye tumbo, wala hakufanana na Edwini hata kwa ukucha. Nilimwalika Edwini mwenyewe. Nilimwambia akae mbele.

Tulicheza Jumamosi alasiri katika uwanja wa shule, jukwaa la meza, watu wamejaa hadi kwenye kuta. Danstan alikuwa na desturi ya kubadilisha kitu kimoja siku yenyewe, ili sisi wachezaji tusizoee. Siku ile nilimwona anamnong'oneza Mama Fadhili nyuma ya kanga tulizotundika kama pazia. Sehemu yangu ikafika. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele. Kwenye mazoezi mchumba alikuwa akifika mlangoni anapiga hodi. Mama Fadhili hakupiga hodi. Alikwenda hadi kwenye pipa tulilolisimamisha pembeni, akajipangusa koti, akalamba kidole akanyoosha nyusi, akaligonga mara tatu, akatega sikio, na kwa sauti laini ya mapenzi akaliambia pipa, "Hodi, mchumba."

Nakumbuka nilicheka. Kicheko kilinitoka tu, kikubwa, cha sauti ile ya kupanda mlima. Kisha uwanja mzima ukalipuka, na wale waliokuwa wanajua wakageuka kumtazama Edwini, na waliokuwa hawajui wakawafuata kwa macho, hadi watu wote wakawa wanamtazama mtu mmoja aliyevaa shati lililonyooshwa, amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Nikasimama, mchele ukamwagika. Nikashuka kwenye meza, nikakimbia hadi nyumbani, nikajifungia. Kwa mbali nilisikia watu wanaendelea kucheka, maana yake mchezo haukukoma. Wiki iliyofuata mshenga alirudi. Aliongea kwa upole sana, akasema kijana ameona mambo yasogezwe mbele kidogo. Mama mdogo alielewa. Hakuna aliyesogeza chochote tena.

Nilimfuata Danstan kwenye koki ya mtaa wa sokoni. Alikuwa amepiga magoti, mkono umezama shimoni hadi begani.

"Kaka Danstan, ulimwandika Edwini?"

"Mwalimu, mimi niliandika pipa. Watu ndio waliomtia bwana ndani."

"Nani alikwambia habari ya kugonga?"

"Foleni."

"Foleni ni nani?"

"Foleni ina watu mia na ndoo zao. Nikukamatie yupi?"

Nilitaka aseme pole. Nilitaka atoe mkono shimoni, avue kofia, aseme nimekosa dada yangu. Badala yake alinitazama na macho ambayo sikuyaelewa, kama mtu anayengoja mimi nimalizie sentensi, kisha akasema, "Maji yanakuja, sogea yasikuloweshe." Nilimwambia amenivunjia maisha. Nikaondoka. Shule zilipofungwa niliomba uhamisho, nikaletwa Masasi, na huko ndiko nilikoolewa na Baba Neema, mtu mwema, tukapata watoto watatu na sasa wajukuu. Danstan aliniandikia mwaliko kila walipokuwa na mchezo mpya. Sikujibu hata mmoja. Kama maisha yangu yalivunjwa siku ile, basi watoto wangu wote wametoka kwenye mavunjiko, na hapo ndipo akili yangu huanza kuzunguka, kwa sababu siwezi kuwatamani wasiwepo, na bado sikuweza kumsamehe mtu aliyesababisha wawepo.

Msibani niliwakuta watu wengi kuliko nilivyodhani. Vijana wa kikundi, maana Tusinune bado ipo, walikuwa wamevaa fulana za njano na wao ndio waliobeba maji ya msiba. Tumaini alinikumbatia akaniomba radhi kwa simu ile. Nikamwambia mimi ndiye wa kuomba. Ana masikio ya baba yake. Jikoni, kwenye moshi na masufuria, nilimkuta Mama Fadhili, amepungua kabisa, hana tumbo tena, amekaa kwenye kiti anamenya vitunguu na kutoa amri. Alinitambua kabla sijasema. Tulishikana mikono muda mrefu. Nikamuuliza jambo nililokuwa sijawahi kumuuliza mtu: nilipokimbia siku ile, mchezo ulikwishaje?

"Danstan alijifunga kanga akakucheza wewe," akasema. "Watu nusura wafe."

"Akamjibu nini mchumba?"

"Alimkubali."

Mwanamke mwingine aliyekuwa anapepea moto akageuka. "Hapana, dada. Alimmwagia maji. Mimi nilikuwepo."

Wakabishana. Nikawaachia wabishane, kisha nikasema, kama kwa utani, kwamba mpaka leo sijamjua mdaku aliyempelekea Danstan habari ya Edwini na tangi. Mama Fadhili akaacha kitunguu mkononi.

"Mdaku gani? Si ulitusimulia mwenyewe?"

"Mimi?"

"Pale ghalani, tunakula ming'oko. Ulisimama ukamwigiza. Ukaligonga gunia mara tatu, ukatega sikio. Danstan alicheka siku ile mpaka akavua kofia, umesahau?"

Nilitaka kusema anamchanganya na mtu mwingine, kwamba umri umemfika. Lakini wakati huo huo niliona mkono wangu, mkono wa msichana, vifundo vinagonga gunia. Sijui kama niliukumbuka au niliuona kwa sababu ameniambia. Nimejaribu tangu siku hiyo kutenganisha haya mawili, siwezi. Nakumbuka beseni. Nakumbuka kila mtu alivyotaka kumchekesha Danstan. Nakumbuka siku moja nilirudi nyumbani nimekuwa mrefu kidogo, ila sikumbuki nilisema nini kupata urefu huo. Na ule uso wa Danstan pale kwenye koki, wa mtu anayengoja nimalizie sentensi, umekaa mbele yangu na maana mpya kabisa. Kama ni mimi niliyesimulia, alikuwa anaweza kuniambia kwa neno moja: wewe. Alisema foleni.

Tulizika. Padri alijitahidi kuhubiri kwa uzito na watu wakajitahidi kumsikiliza hivyo. Tukirudi kutoka makaburini mzee mmoja alipunguza mwendo akanisubiri. Mvi kichwa chote, miwani, shati limenyooshwa hadi mikunjo inasimama.

"Mwalimu Hilda."

"Edwini." Nikajirekebisha. "Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Tulitembea pamoja hatua kadhaa tukiulizana habari za familia. Alinionyesha kwa kidole mkewe aliyekuwa mbele na wanawake wengine, akataja idadi ya wajukuu. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba Danstan alimfuata Mkunya wiki ile ile, kwa miguu, kumwomba radhi. "Aliniambia kosa ni lake peke yake, ameyasikia bombani, na kwamba wewe hukujua lolote. Aliapa."

"Na hukumwamini?"

"Nilitaka. Lakini nilikuwa mbele, nilikuwa nakutazama wewe, sikuwa namtazama Mama Fadhili. Ulicheka kabla hajaligonga. Amelifikia tu pipa, ameinua mkono, wewe tayari unacheka. Nikasema, huyu anajua kinachokuja."

Nilisimama. Watu wakatupita. Nikasema nisamehe, na neno hilo lilitoka dogo kuliko nilivyokusudia.

"Ah, tumekwisha zeeka," akasema.

"Edwini, niambie sasa. Ulikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya tangi?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, polepole, kama karani anayetafuta faili la zamani. "Nyumbani kwetu mama alikuwa anatoka na ndoo alfajiri anarudi jua kali. Mimi nilikuwa nikiligonga lile tangi moyo unafurahi. Halafu nikiingia ndani nikakukuta wewe, moyo unafurahi tena. Sikuwahi kuona kama ni furaha mbili." Akavaa miwani. "Kwani lazima nichague?"

Mkewe alimwita, akaniaga kwa heshima, akaenda.

Nilirudi Masasi siku ya pili yake. Baba Neema alikuwa amenipikia chai, akakaa mbele yangu, nikamsimulia yote, pamoja na ming'oko, pamoja na mkono wangu kwenye gunia. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza, "Ni yule mzee aliyekuja hapa mwaka juzi?" Nikasema ndiye. Kila mmoja akainamia kikombe chake, maana siku ile tunaijua sisi wawili tu na hatukuwahi kuizungumza.

Mwaka juzi, asubuhi, nilikuwa sebuleni karibu na dirisha nikamwona Danstan anaingia getini kwetu. Alikuwa na fimbo na koti lililomzidi. Nilimtambua mara moja. Nikamwambia Baba Neema, haraka, "Mwambie sipo," nikajibanza nyuma ya pazia. Mume wangu alikuwa katekista miaka mingi, kudanganya hajui. Akatoka barazani, wakaamkiana, Danstan akasema ametoka Newala kuja kumsalimia Mwalimu Hilda.

"Hayupo," akasema Baba Neema.

"Ametoka?"

"Ametoka."

"Kaenda wapi?"

Baba Neema akafikiri muda mrefu mno. "Ndani," akasema.

Danstan akatikisa kichwa taratibu, kwa uzito wote, kama mtu aliyepewa taarifa kamili ya safari ya mbali. "Basi akirudi kutoka huko ndani, nakuomba umwambie Danstan alipita. Mwambie nimefurahi sana kumkuta hayupo, akiwa na afya njema."

Nilicheka. Niliziba mdomo kwa kiganja, kisha kwa pazia lenyewe, machozi yakanitoka, na sikutoka nje. Alisimama kidogo pale barazani, uso umeelekea dirishani, fimbo haisogei. Kisha akamshukuru mume wangu, akaenda zake. Sikujua alichokuja kuniambia. Na mpaka leo sijui kama alinisikia.